Mpiga Dramu wa Makame Amelala

Njenga alitua Doha mwaka 2009 akiwa na vitu viwili vya kujivunia: cheti cha ulinzi alichokisomea wiki tatu Nairobi, na miaka sita ya kupiga ngoma kwenye brigedi ya wavulana ya kanisa lao kule Ol Kalou. Cheti ndicho kilichompa kazi. Habari ya ngoma hakuna aliyemuuliza, na hata huko kwao mwalimu wa kwaya alishamwambia waziwazi kwamba mkono anao, kipimo hana. Anaanza polepole, anapata joto, anakimbia, halafu anakumbuka yuko kanisani anapunguza. "Unapiga kama mtu anayeshuka mlima na mkokoteni," mwalimu alimwambia, na Njenga akacheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda duka kubwa la fanicha, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Makochi mia mbili, ya ngozi na ya mahameli, na haruhusiwi kukalia hata moja. Asubuhi alirudi mtaa wa Najma, kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa ya familia moja iliyojiweza, na sasa ilikuwa imekatwakatwa kwa mbao laini mpaka sebule ya wageni peke yake ikatoa vyumba viwili. Upande mmoja alilala Njenga na wenzake watatu wa zamu ya mchana, ambao yeye akiingia wao wanatoka. Upande wa pili alilala Makame.

Huyu Makame lazima tumweleze vizuri, maana bila yeye hapa hakuna cha kusimulia. Alikuwa mtu wa Makunduchi, Unguja, umri wa miaka arubaini na kitu, mwokaji mikate katika hoteli moja kubwa. Anaingia kazini saa nne usiku, anakanda, anaoka, wageni wakiamka wanakuta mkate wa moto, naye ndiyo kwanza anarudi kulala. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Usingizi wake hakuufanyia mzaha hata kidogo. Alikuwa na kitambaa cheusi cha macho, feni ya kichwani, na mto aliotoka nao Unguja ambao hakuna aliyethubutu kuukalia.

Velma alikutana na Njenga kanisani, kwenye ibada ya Ijumaa, kwa sababu Doha Ijumaa ndiyo Jumapili. Msichana wa Mumias, mfanyakazi wa dobi ya hoteli, mwenye sauti yenye mchanga ndani yake. Kiongozi wa kwaya alikuwa amemwomba, kwa upole wote wa Kikristo, awe anafungua mdomo tu. Velma hakukasirika sana. Alikuwa mtu wa roki tangu akiwa chuo Eldoret, tena si ile roki ya kuvaa ngozi na kurusha nywele, bali ile wenyewe wanaiita granji: magitaa machafu, sweta lililolegea, na mtu anaimba kama ameudhiwa na jambo ambalo hataki kulisema.

Gitaa lake alipewa na hoteli. Utaratibu wao ni kwamba mgeni akisahau kitu chumbani kinawekwa stoo, na miezi sita ikipita bila mwenyewe kujitokeza, kinakuwa cha mfanyakazi aliyekiokota. Wenzake waliokota chaja na miwani. Velma, ambaye enzi hizo alikuwa bado anasafisha vyumba, aliokota gitaa la umeme, akahesabu siku mia na themanini roho ikiwa juu, akimwomba Mungu mgeni yule asikumbuke. Mungu akasikia, mgeni akasahau.

Mtu wa tatu katika bendi waliyoianzisha alikuwa Arnold, Mganda wa Jinja, dereva wa basi la shule, mpiga besi, mpole mpaka unamhurumia. Wote watatu walikuwa na nafasi moja tu inayolingana: saa tatu asubuhi hadi saa tano na nusu. Arnold ameshafikisha watoto shuleni, zamu ya Velma haijaanza, na Njenga ametoka kazini, macho mekundu lakini anajiweza. Dramu walizichukua kwa mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kuzibeba. Wakazipanga chumbani kwa Njenga, katikati ya vitanda, na Jumatatu moja ya Februari 2011 wakaanza.

Hawakufika hata nusu ya wimbo. Mlango ulifunguliwa, akasimama Makame na kikoi chake, kitambaa cha macho kikiwa kimepandishwa kwenye paji la uso, alama ya mto shavuni.

"Hamjambo," alisema. Mtu wa kwao hawezi kugomba kabla hajasalimia.

"Hatujambo. Shikamoo," akasema Velma, gitaa amelificha nyuma yake kana kwamba halijasikika.

"Marahaba. Mie sikatai mtu kupiga muziki. Nakataa kuamshwa. Hayo ni mambo mawili mbali mbali."

"Pole sana, Bwana Makame," akasema Njenga. "Lakini hizi ni dramu. Hakuna vile unaweza kuzipiga kwa siri."

Kabla Makame hajajibu, vikombe vilivyokuwa juu ya friji vikaanza kutetemeka. Uwanja wa ndege wa zamani ulikuwa pua na mdomo na Najma, na ndege zilipita juu ya mapaa zikiwa chini kiasi kwamba ukitoka nje unasoma maandishi ubavuni. Watu wa nyumba ile walikuwa na desturi yao: ndege ikija, unakatiza sentensi, unangoja na mdomo wako wazi, ikishapita unaendelea ulipoachia. Basi wote wanne wakangoja.

"Hii je, mmeiona?" akasema Makame kelele zilipotulia. "Hii hainiamshi. Mwaka wa nne huu nalala chini yake. Basi nyie pigeni humo humo ndani ya ndege. Ikija, pigeni mpaka mchoke. Ikishapita, shusheni. Mkifanya hivyo, mie na nyie hatuna neno."

Akarudi kulala. Kesho yake walikuta amebandika karatasi kwenye ule ukuta wa mbao, kwa wino mzito wa kuandikia maboksi ya unga: MAKAME AMELALA.

Lilikuwa katazo tu la mtu anayetaka kupumzika. Lakini kama hujawahi kuisikiliza granji, basi jua inaendaje: beti zinanong'onwa, watu wanajizuia, halafu kiitikio kinalipuka. Wengine wanasomea mambo hayo miaka mingi. Hawa watatu walifundishwa na mwokaji mikate kutoka Makunduchi ndani ya dakika tano, na hakuwa na habari kwamba amefundisha mtu.

Wakawa wanapiga hivyo kila asubuhi. Velma ananong'ona beti huku Arnold akigusa nyuzi kwa ncha za vidole, na Njenga amefunika dramu taulo. Kazi ya kuisikia ndege ilikuwa ya Njenga, maana aliihisi kwa mguu, kwenye sakafu, kabla sikio halijapata habari. Akimkonyeza Velma, taulo linaruka, nyumba inalipuka. Na ndege, kama ulivyoona, haina kipimo cha mwalimu wa kwaya. Inaanza mbali, inavimba, inakukalia kichwani, inaondoka shingo upande. Njenga akapiga vivyo hivyo: akaanza kwa utulivu, akapata joto, akakimbia, akapunguza. Kile kilichoitwa kasoro Ol Kalou kikapata kazi Najma.

Nyimbo walizipa majina ya safari za ndege. "Bahreni" ulikuwa na kiitikio kifupi, kwa sababu ndege ya Bahreni ni ndogo na ina haraka zake. "Manila" ulikuwa mrefu na mzito, umejaa watu na mizigo yao. Katika "Manila" Velma alinong'ona, "Nimekunja shuka elfu moja, langu halijakunjwa," akarudia na kurudia, kisha kiitikio kikafika na maneno yake mawili tu, "Niite jina," mara nane, yakivimba. Ukisoma hapa kwenye karatasi unaweza kuona si kitu. Ulipaswa kuwa umekunja shuka siku hiyo.

Bendi nayo ilihitaji jina siku waliposajiliwa kupiga kwenye sherehe ya Wakenya, Desemba mwaka ule. Mwandalizi alikuwa na haraka, kalamu mkononi. Arnold akasema la kwanza lililomjia kichwani, lile aliloliona ukutani kila asubuhi, na ndivyo walivyoitwa kupitia spika: Makame Amelala. Watu wakacheka. Dakika kumi baadaye walikuwa hawacheki tena, walikuwa wanaruka, walinzi na mayaya na madereva, mashati yametoka ndani ya suruali.

Na hapo ndipo mambo yalipochanganya. Mtu alirekodi kwa simu, akaituma, nayo ikasambaa kambi hadi kambi. Kufikia 2013 walikuwa wanapiga karibu kila Ijumaa mchana, bustani za hoteli, viwanja vya shule, karamu za makampuni. Wanepali waliimba kiitikio bila kujua maana, na Wafilipino walijua maana bila kuambiwa. Redio moja Nairobi iliucheza "Bahreni" mara tatu kwa siku, mama yake Njenga akapiga simu kuuliza kama huyo anayepigapiga huko nyuma ni yeye. Fulana zilichapishwa, nyeusi, maandishi meupe, zikaisha, zikachapishwa tena. Siku moja Makame alirudi kutoka sokoni amechanganyikiwa kabisa.

"Nimemuona Mhindi kavaa jina langu kifuani," alisema. "Nikamwambia Makame ni mie. Akaniambia haiwezekani, Makame amelala."

Mashabiki wakawa wanafika Najma wakitaka kupiga picha naye. Alikubali, kwa sharti moja, kwamba picha ipigwe saa kumi na moja jioni, akiwa macho. Wakawa wanamwomba afumbe macho kidogo. Akafumba.

Jukwaani hakukuwa na ndege, lakini Njenga alikuwa nazo mguuni, moja moja, na hakukosea hata siku moja. Na hapa nikwambie ukweli wa moyo wake, kwa sababu wenzake hawakuujua. Kule dukani palikuwa na usiku mzima wa kutembea kati ya makochi, na asubuhi meneja anafika, anapokea funguo bila kumtazama. Lakini kabla ya kiitikio, Velma aligeuka kumwangalia, Arnold akamwangalia, na halaiki nzima ikazuia pumzi ikimngoja yeye, Njenga, aamue. Pesa za bendi zilimfaa, hakuzikataa, lakini si hizo alizozitaka. Kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja tu: kurudi kuwa mtu ambaye hakuna anayemngoja.

Mwisho wa Mei 2014 uwanja mpya wa ndege ukaanza kazi, ule wa zamani ukanyamaza. Usiku mmoja tu, ndege zikahama, zikawa zinapita huko baharini. Asubuhi iliyofuata bendi ilikaa chumbani, beti imenong'onwa, wakangoja, wakangoja tena. Vikombe juu ya friji havikutikisika. Upande wa pili wa mbao wakamsikia Makame akijigeuza, akikohoa, akijigeuza tena, mpaka mwisho akaja mlangoni amejishika kiuno.

"Kimya hiki kitaniua," alisema. "Sikulala hata lepe."

Masikini, alilala vibaya mwezi mzima, na mikate ya hoteli ikaumuka ilivyotaka yenyewe. Lakini sheria ilikuwa sheria, na sasa walikuwa na wapangaji wengine wa zamu ya usiku pia. Bila ndege hawakuweza tena kupiga mle ndani, kwa hiyo tajiri alipojitokeza na studio mkononi, walimpokea kwa mikono miwili.

Tajiri mwenyewe alikuwa Fadi, Mlebanoni wa burudani, mtu mwenye simu tatu na adabu nzuri. Alikuwa amepata mkataba wa kampuni moja ya simu: tamasha kubwa la wafanyakazi mwezi wa Novemba, watu elfu nne, na baada ya hapo maonyesho ya mwaka mzima, Doha, Dubai, Maskati. Hakuna bendi ya watu wa namna yao iliyowahi kupewa kitu kama hicho. Akawapeleka studio Lusail, ghorofa ya pili ya jengo jipya ambalo lifti yake bado ilikuwa imefungwa nailoni, kuta zimejazwa sponji. Mle ndani unaweza kupiga dramu saa nzima na mlinzi wa mlangoni asisikie kitu. Njenga alimsalimia yule mlinzi kila siku kwa heshima.

Shida ilikuwa taa. Tamasha la Fadi lilikuwa na taa mia na kitu na skrini kubwa, zote zikiendeshwa na kompyuta, na kompyuta ilienda kwa mdundo mmoja usiobadilika, ti, ti, ti, ti, kama saa ya ukutani, ambao mpiga dramu anawekewa sikioni aufuate. Njenga akawekewa. Beti alizipiga sawasawa. Kiitikio kikafika, ndege ikaja mguuni, akavimba nayo, na ile ti, ti ikamtangulia inamwita. Wakarudia mara kumi na moja. Siku ya pili mara kumi na tisa. Alijaribu kwa nia njema kabisa, jasho linamtoka, akijitukana kwa Kikikuyu, lakini akiifuata saa alikuwa kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake.

Siku ya nne alikuta kijana wa Kifilipino amekaa kwenye kiti chake. Jun, mpiga dramu wa bendi ya hotelini, miaka kumi ya kazi. Jun akasimama mara moja akampa mkono. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Velma ndiye aliyemwambia. Hakumtuma Arnold wala hakuandika ujumbe, alimpeleka kwenye kafteria ya Najma wanakouza karaki, chai nzito ya maziwa na iliki, akaagiza vikombe viwili, akamtazama usoni.

"Fadi amesema ni Jun ama hakuna tamasha."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema Jun." Sauti yake ya mchanga ikazidi mchanga. "Nimekunja shuka miaka sita, Njenga. Sitapata hii kitu mara mbili. Nichukie tu, lakini usiseme sikukuambia mwenyewe."

Ilimuuma. Tusizunguke, ilimuuma mpaka mbavuni. Angekuwa yeye Velma angesema vilevile, na kujua hivyo hakukumsaidia chochote. "Basi imbeni na hiyo saa yenu," alisema, akaondoka na chai yake hajaigusa. Njiani alijuta, lakini hakurudi.

Wiki ile ile Jun alimfuata Najma, na daftari. Alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba anaona aibu, lakini angependa kujua ile kitu inayotokea kwenye kiitikio. Njenga alitaka kumfungia mlango. Badala yake akakaa kitandani, akampigia "Manila" kwenye godoro kwa viganja, mwanzo mpaka mwisho. Jun akaandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwisho akafunga daftari.

"Mimi naweza kuipiga," alisema. "Kompyuta ndiyo haiwezi."

Novemba ikafika. Makame, ambaye hakuwahi kuiona bendi yenye jina lake ikipiga mchana hata siku moja, kwa sababu ndiyo saa yake ya kulala, alichukua likizo ya siku moja na kununua fulana. Na Njenga? Njenga alikuwa kazini. Kampuni yake ndiyo iliyopewa ulinzi wa uwanja wa tamasha, orodha ikabandikwa, jina lake limo, namba nne, mbele ya jukwaa. Alitafuta wa kubadilishana naye zamu, kila mtu akacheka akidhani anatania, maana nani asiyetaka kusimama pale. Akapiga pasi sare yake akaenda.

Wasiowahi kuifanya kazi ile hudhani mlinzi wa mbele anafaidi tamasha. Hafaidi chochote. Anasimama kati ya jukwaa na uzio wa chuma, mgongo kwa wanamuziki, uso kwa watu, na marufuku kugeuka hata kama nyuma yake kunatokea miujiza. Kwa hiyo Njenga hakuwaona wenzake wakiingia. Aliona watu elfu nne wakiwaona. Makame alikuwa safu ya kwanza kabisa, amebanwa kwenye uzio, amechangamka.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia, tusimwonee Jun, alipiga kwa usafi, na taa zikawaka na kuzima palipotakiwa, watu wakapiga kelele. Njenga alisimama mikono nyuma, akitafuta ubaya wa kusikia asiupate. Hilo lilimtia baridi kuliko kama angesikia makosa. Akajiambia basi, kumbe wanaweza, na akaendelea kuchunga uzio.

Wa tatu ulikuwa "Manila." Velma akanong'ona mambo ya shuka, uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza, jua la alasiri likiwa limewapiga usoni. Kisha kiitikio kikaja. Jun akaingia kwa saa, taa zikalipuka kwa saa, na watu hawakuwemo. Walikuwa bado. Watu elfu nne waliojifunza wimbo ule kwenye simu, kwenye mabasi ya kampuni, vitandani, walikuwa wanaimba "Niite jina" kutoka mbali, polepole, wakiongeza, kwa sababu ndivyo wimbo ulivyo na hawakujua mwingine. Taa zikamaliza kiitikio chote zikatulia. Skrini ikaanza beti inayofuata peke yake. Watu ndiyo kwanza walikuwa wanavimba.

Walivyovimba ndivyo walivyosogea. Uzio ukalia, Makame akabanwa akatoa macho. Njenga alifanya alichofundishwa kwenye zile wiki tatu za Nairobi: alinyanyua mikono yote miwili juu, viganja wazi, ishara ya kuwaambia watu wasimame walipo. Wakasimama. Lakini hawakuacha kuimba. Walikuwa wakimtazama yeye, maana ndiye aliyekuwa mbele yao, na mikono ikiwa juu nao wakabaki juu, sauti zote elfu nne zimeng'ang'ania pale pale, zinangoja.

Njenga akaelewa. Mguu wake ulikuwa umeshaelewa zamani, ulikuwa unapiga nyasi. Ndege ya Manila ilikuwa bado iko kichwani mwake, nzito, haijafika ng'ambo ya mapaa. Akaishikilia. Nyuma yake dramu zilinyamaza ghafla, akasikia kitu cha plastiki kikianguka jukwaani, ile saa ya sikioni, na Jun akaingia upya, taratibu, nyuma ya mikono yake, akifuata mgongo wa mlinzi. Arnold akaingia. Gitaa la Velma likaingia, chafu kama siku ya kwanza. Njenga akaanza kuishusha mikono kidogo kidogo, na watu wakashuka naye, wakapungua, wakapungua, mpaka viganja vilipofika mapajani uwanja wote ukawa kimya kwa pamoja.

Katika kimya kile Velma akasogea kwenye maikrofoni.

"Huyo mlinzi hapo mbele anaitwa Njenga," alisema. "Mimi ndiye nilimtoa kwenye bendi. Kiitikio kinachofuata tunamngoja yeye."

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanangoja kweli, safu kwa safu, mpaka wale wa mwisho kabisa waliopanda juu ya matangi ya maji. Njenga hakugeuka, kwa sababu mlinzi hageuki. Machozi yakamtoka mbele ya watu elfu nne, mikono ubavuni, na hakuyafuta.

Redio ikakwaruza begani. Supavaiza, kutoka lango kuu, alitaka kujua kwa nini muziki umesimama. "Namba nne, kuna shida hapo mbele?"

Njenga akabonyeza kitufe. "Hakuna shida, bosi," alisema, akanyanyua mikono.